Sanduku Lililovuja Maji

Kazi yangu ni karatasi. Watu wa nyumbani wakisikia nasafirisha mizigo kwa ndege wanadhani nashinda uwanjani nikiwapungia marubani mkono. Wapi! Nashinda Midrand, ghorofa ya pili, kwenye ofisi yenye zulia la kijivu, najaza fomu. Ndani ya boksi kuna nini, uzito gani, linatoka kwa nani, linakwenda kwa nani, lipitie mlango upi. Nimeifanya kazi hii tangu mume wangu alipofariki, na nasema bila haya kwamba naijua kuliko wale waliokwenda kuisomea. Ujuaji wangu huo ndio ulionifikisha kwenye haya ninayoyaeleza.

Mume wangu alikuwa mtu wa hapa Afrika Kusini, mmoja wa wale waliokimbilia kwetu Tanzania wakati wa kupigania uhuru wao. Tulikutana Morogoro, tukaoana, na waliporuhusiwa kurudi kwao nikamfuata. Kwetu hasa ni Makete, juu kabisa, ambako viazi ndiyo chakula na mwezi wa Juni nyasi huamka nyeupe kwa baridi. Huko nilimwacha mdogo wangu wa kiume. Tumezaliwa wawili tu. Alisomesha shule ya msingi ya kijijini mpaka akastaafu, na mama yetu alipougua miaka ile ya mwisho, yeye ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Mimi nilikuwa natuma salamu na mashuka.

Baba yetu, kabla sisi hatujazaliwa, alikuwa akimbebea kapu mzungu mmoja mlowezi aliyevua samaki kwenye mto ulio juu ya kijiji. Samaki wale wanaitwa trauti, ni wa maji baridi, hawakuwepo kwetu asilani. Wazungu ndio waliowaleta kutoka kwao, mayai kwa meli, yamefunikwa barafu safari nzima, wakayamwaga mitoni mwetu ili Jumapili wapate cha kuvua. Mwenyeji kuwagusa ilikuwa kosa. Baba aliwabeba miaka mitano na alikufa hajawahi kuonja hata mkia. Walowezi wakaondoka, samaki nao wakaisha, na hakuna aliyewakumbuka isipokuwa baba, na baada ya baba, mdogo wangu. Alipostaafu akasema samaki wale atawarudisha, na safari hii watakuwa wetu.

Akachimba mabwawa matatu kwa mikono yake. Shida ilikuwa maji. Bonde lote linategemea kijito kimoja, na maji yake hugawiwa kwa zamu, shamba kwa shamba, kila mtu anaijua siku yake. Mdogo wangu akasimama mbele ya mkutano wa kijiji, akaomba aachiwe kijito kwa kiangazi kimoja. Walibishana wiki mbili. Mwisho wakamkubalia kwa sharti kwamba mvua zikikaribia na hakuna samaki, maji yanarudi kwenye viazi, mabwawa yanafukiwa, na asiombe tena maisha yake yote. Aliowafundisha kusoma, sasa wana ndevu, wakawa wanamwita Mwalimu Samaki. Alikuwa akicheka nao. Kwenye simu na mimi hakuwa anacheka.

"Dada," akaniambia, "nimepewa mara moja tu. Nitafutie mayai huko kwenu."

Katika maisha yake yote alikuwa hajaniomba kitu.

Nikatafuta, nikampata mzee mmoja, Kaburu wa milima ya Mpumalanga, anayezalisha trauti. Alikuja mwenyewe Midrand siku ya Jumatano, sanduku amelikalisha kiti cha mbele na kulifunga mkanda. Akalifungua juu ya meza yangu. Mayai yalikuwa madogo, rangi ya chungwa, na ndani ya kila moja vitone viwili vyeusi. Akaniambia ni macho, nitazame. Nikainama mpaka miwani ikaniteleza puani. Yai moja likajigeuza, na vile vitone vikanitazama. Mwili ulinisisimka, nasema kweli.

Sanduku lenyewe lilikuwa jeupe, la lile povu gumu, na ndani trei zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja imetandikwa kitambaa kibichi. Trei ya juu kabisa ilijaa barafu. Barafu inayeyuka polepole, matone yanashuka trei kwa trei, yanayapooza mayai na kuyalowesha, kisha yanatoka kwenye vitundu vya chini. Mzee akanifundisha kama mtoto wa shule. Sanduku likivuja, nisiogope, ndivyo mayai yanavyoishi. Likikauka, hapo ndipo niogope. Yakiganda yamekufa. Alikuwa amelibandika lebo kubwa ya kijani: viumbe hai, wasigandishwe. Na akanionya kwamba zimebaki siku kumi. Siku hizo zikiisha yataanguliwa popote yalipo, yawe yamefika kwenye maji au bado yako sandukuni.

Sasa, viumbe hai hawatoki nchini mpaka daktari wa mifugo wa uwanja wa ndege awakague na kugonga muhuri. Nilikuwa nimeshapanga naye. Alhamisi asubuhi naambiwa daktari amelazwa hospitali, mwenzake atakuja wiki ijayo, Alhamisi kama leo. Ndege ya Dar es Salaam ilikuwa Ijumaa. Hata ningemsubiri huyo mwingine, bado kulikuwa na ndege ya kungojea, na basi la kutoka Dar mpaka kwetu. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Yangeanguliwa njiani, ndani ya povu, hayana pa kuogelea. Nilipiga simu ofisi tatu. Kote walinijibu kwa upole, pole mama, tunakuelewa mama. Upole wao ulinichoma. Mtu angenitukana ningejua pa kuanzia.

Ndipo nikajitia ujuaji. Mayai ya samaki yapo pia ya kuliwa, hoteli kubwa zinayaagiza kila wiki, na mlango wa chakula haumsubiri daktari wa mifugo. Nikafungua fomu upya. Palipoandikwa viumbe hai nikafuta, nikaandika mayai ya samaki, chakula. Mimi, niliyewahi kuwafokea wateja mpaka wakatoka wanatetemeka kwa uongo mdogo kuliko huo. Kisha nikaibandua ile lebo ya kijani. Pembe moja iligoma kutoka, nikailowesha kwa chai iliyobaki kikombeni, nikaikwangua kwa kucha. Dereva wetu akalichukua sanduku saa nne.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumtegemea kule uwanjani. Ni kaka mmoja Mkongo, mwenyeji wa Uvira, ndugu yetu wa ibada ya Kiswahili tunayofanya kila Jumapili kwenye sebule ya flati moja ya Berea. Yeye ndiye anayepanga viti na kufungua kwa sala. Kazi yake ni kwenye ghala la mizigo, upande wa vyumba vya baridi. Nikampigia.

"Kuna sanduku langu linakuja kwenu sasa hivi, litalala hapo mpaka ndege ya kesho," nikamwambia. "Liwekwe chumba cha baridi ya kawaida. Nakuomba uliangalie kwa macho yako."

"Ni nini, Mama?"

"Mayai ya samaki. Yanakwenda kwa mdogo wangu."

"Ya kula?"

Wenzangu wa ofisini walikuwa wanasikia. Halafu yule ni mtu wa sala, anayenishika mkono kila Jumapili na kuniita mama wa kanisa, na niliona haya ajue kwamba mama wa kanisa ameandika uongo kwenye karatasi. "Ya kula," nikasema.

"Sawa, Mama. Usiwaze. Mi niko hapa."

Nilikula chakula cha mchana vizuri siku ile, hilo silisahau. Saa tisa simu ikalia, ni yeye.

"Mama, Mungu ni mwema," akasema. "Samaki yako ilikuwa naharibika."

"Inaharibika vipi?"

"Sanduku ilikuwa natoa mayi chini," akasema. Mayi kwao ni maji. "Mayi mingi. Mi nimekomalia mu samaki tangu utoto, mama yangu alikuwa nauzisha samaki sokoni, najua samaki ikianza kutoa mayi ile namna kesho inanuka. Nimeitoa pale. Nimeitia mu frigo kubwa, ile ya kugandisha kabisa. Iko mule tangu saa tano. Sasa imekuwa nguvu kabisa, utafurahi."

Nikamwambia asante. Sijui kwa nini. Mdomo ulisema wenyewe.

Nilipozinduka nikampigia msimamizi wa ghala, mama mmoja, nikaomba sanduku litolewe kwenye friza lirudishwe chumba cha kawaida. Mama yule akaangalia kompyuta yake, akaniambia mbona kila kitu kiko sawa, ni chakula, kimegandishwa, kimeshafungwa na kupigwa lakiri kwa ajili ya ndege. Nataka litolewe kwa sababu gani? Ningesema ni hai, lingezuiwa hapohapo, na karatasi yangu ingewekwa mezani kwa wakubwa. Na ningesema ni hai wakati tayari si hai. Akauliza tena, kwa upole uleule wa siku ile nzima. Nikamwambia basi, hakuna sababu.

Nikachukua gari. Sikuwa na mpango, nilijiambia tu labda trei za katikati bado, labda baridi haijafika ndani. Umeme ulikuwa umekatika, robot, yaani taa za barabarani, zote zimezima, na kila njia panda tunapita mmojammoja, huyu akimwachia yule kwa heshima. Nilipiga honi mpaka watu wakanishangaa. Kufika, mlinzi wa geti akakitazama kitambulisho changu akasema, eish, mama, hiki muda wake umepita. Kweli ulikuwa umepita, nilikuwa najua tangu mwezi uliotangulia, nimeona uvivu kwenda kukibadilisha. Nikamsihi. Akanionyesha kamera iliyo juu ya kichwa chake, akaniomba radhi.

Basi nikasimama nje ya uzio wa waya. Kaka yetu akatoka kunisalimia, bado amevaa lile koti nene la friza, uso unang'aa kwa furaha ya kuniona. Akanipitishia simu yake kwenye tundu la waya ili nione picha aliyopiga. Sanduku langu lilikuwa jeupe pepe, limeota barafu pande zote. Vile vitundu vya chini vilikuwa vimeziba.

"Unaona?" akasema. "Hata tone moja haianguki."

Mimi ni mtu wa hasira, wanaonijua wanajua. Nilitaka kumshika lile koti nimtikise. Nilitaka kumwambia umewaua, umewaua wote. Lakini angenijibu nini? Nilimwambia ya kula, akayatunza kama ya kula. Nilimwambia aangalie kwa macho yake, akaangalia, akaona maji, akafanya jambo ambalo mama yake angelifanya. Hasira yangu ikazunguka ikakosa pa kutua, na badala yake machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya geti.

"Mama, usilie. Samaki iko salama."

"Namlilia mdogo wangu," nikasema. Hilo angalau lilikuwa kweli. Akadhani nimemkumbuka, akaniombea pale pale, mkono wake ameuweka juu ya waya. Mpaka leo hajui. Jumapili ile sikwenda ibada, na iliyofuata sikwenda.

Jioni ile, jua halijazama bado, nikampigia mdogo wangu. Nilikuwa nimeazimia kumwambia. Akapokea yuko ndani ya basi, anakwenda Dar kupokea mzigo, ameshika mapajani deli lililojaa barafu ya kubadilishia. Sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia vile, yaani mzee wa miaka sitini anaongea kama amefaulu mtihani. Akaniambia trei za kuyalazia mayai amezichemsha na kuzianika. Maji ya kijito amekuwa akiyapima asubuhi na jioni. Hata wale waliokuwa wakimcheka wamekuja kumsindikiza stendi.

"Mdogo wangu, sikiliza," nikaanza.

"Nasikiliza, Dada."

Nikamwuliza kama amekula.

Sanduku likasafiri. Muda wote wa ndege, na kukaa juani pale uwanjani Dar, lilikuwa linayeyuka, kwa hiyo alipolipokea Jumamosi lilikuwa linavuja. Akanipigia kwa shangwe. "Linatoa maji, Dada, kama ulivyoniambia. Yako hai." Nilikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Nikasema vizuri, nenda salama.

Aliyalaza majini Jumatatu asubuhi. Mchana akasema yana weupe, pengine ndiyo rangi yao wakianza kuzoea. Nikasema pengine. Jumanne akasema weupe umeyaenea yote, na vile vitone haviko. Yule mzee wa Mpumalanga alikuwa amenifundisha, na mimi nikamfundisha mdogo wangu, kwamba yai lililokufa hutolewa upesi lisije likaozesha mengine. Basi akaanza kuyatoa, moja moja, kwa ncha ya unyoya wa kuku. Mayai elfu tano. Alifanya kazi ile siku nne, amechuchumaa kwenye yale maji ya baridi, anatafuta moja tu lenye macho. Mke wake alinipigia kwa siri, akaniomba nimwambie aache, vidole vimemvimba. Nilimwambia aache. Akasema bado trei moja.

Nilimtafuta mzee wa Mpumalanga. Akasema msimu wa kutaga umekwisha, mengine ni mwaka kesho, majira kama haya. Mwaka kesho wa nini?

"Dada, nilikosea wapi?" mdogo wangu akawa ananiuliza kila akipiga. "Maji yalikuwa ya moto? Niliyamimina kwa haraka? Basi lilitikisa sana, ningeshuka Njombe nikapumzika." Kila siku alikuwa na kosa jipya alilojigundulia, na kila siku nilikuwa namwambia sijui, mdogo wangu, sijui. Nilikuwa naoga na kuvaa na kwenda kazini na kujaza fomu. Mkono ulikuwa ukifika pale pa kuandika kilichomo ndani, unasita.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa kabla ya mvua, kuamua juu ya maji na mabwawa. Mdogo wangu akaniambia amewaomba niwepo kwenye simu, wataiweka mezani na kuifungulia sauti, maana mimi ndiye niliyeshughulikia upande wa huku. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimeamua kusema. Saa ya chakula cha mchana nikashuka kwenye maegesho ya ofisi, nikajifungia garini, nikaifanyia mazoezi sentensi moja: mayai yaligandishwa huku Johannesburg kwa sababu yangu, mdogo wangu hana kosa. Ni sentensi fupi. Niliisema mara tano au sita kwa sauti, ikatoka vizuri.

Simu ikaunganishwa. Nikasikia upepo wa kwetu, mtu anakohoa, kuku. Mwenyekiti akanisalimia, shikamoo dada yetu wa Afrika Kusini, nikaitikia. Wakaanza kuzungumza kana kwamba sipo. Mmoja akasema viazi vyake vimekauka. Mwingine akasema Mwalimu ametapeliwa, huyo dada yake kakaa na watu wa mjini miaka thelathini, amemtumia mayai mabovu wala hajali, mara ya mwisho kuonekana hapa ni lini?

"Hapo unikome," mdogo wangu akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata darasani hakuwa mkali. "Nitukane mimi. Mabwawa nimechimba mimi, maji mmenipa mimi. Lakini dada yangu hawezi. Dada yangu hawezi kufanya kitu kama hicho. Kazi yake ndiyo hiyo, amehangaika kwa ajili yangu usiku na mchana. Mwulizeni mwenyewe, si huyo hapo."

Kisha mwenyekiti akainamia simu, nikasikia pumzi zake.

"Mama, tunaomba utusaidie. Huko kwako mayai yalitoka salama?"

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nilifungua mdomo. Niliogopa, hakuna neno jingine la kulipamba, niliogopa mdogo wangu asikie mbele ya kijiji kizima kwamba aliyemtetea ndiye aliyemmaliza.

"Yalitoka salama," nikasema.

"Mmemsikia," mdogo wangu akawaambia. "Basi kosa ni langu."

Nikasikia viti vinasogezwa, na mtu mmoja akauliza majembe yako wapi.